Kipakatalishi kinapochemka na skurubu ikakataa kutoka

SKURUBU yenye unene wa milimita mbili inaweza kuamua iwapo kipakatalishi kitaendelea kufanya kazi kwa miaka mingine kadhaa au kitatupwa jalalani. Ndiyo hali inayomkabili mtumiaji wa tarakilishi katika kaunti za Kisii na Nyamira pale mashine inapoanza kuchemka, akaamua kuifungua ili aondoe vumbi, kisha bisibisi ikateleza na kukikwangua kichwa cha skurubu ya mwisho. Kifuniko hakifunguki tena, feni inaendelea kunguruma na joto linazidi kupanda.

Hasara yake si ndogo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii huwa ameweka kazi zake zote za muhula humo ndani. Mwalimu wa shule ya msingi karibu na Keroka hukitumia kutuma alama za wanafunzi kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC). Mwenye kibanda cha huduma za mtandao mjini Nyamira hukitegemea kuwajazia wateja ripoti za ushuru kabla ya Juni 30 kila mwaka. Wengi wa watu hawa hununua mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo aghalabu zimefunguliwa na mafundi kadhaa kabla ya kufika mikononi mwao. Skurubu zake huwa zimeanza kulika tangu zamani.

Habari njema ni kwamba skurubu iliyolika kichwa hutoka mara nyingi, mradi anayeitoa afuate utaratibu: aanze na njia nyepesi, apande hatua kwa hatua, na ajue mahali pa kukomea. Kinachoharibu vipakatalishi vingi si ile skurubu yenyewe bali hasira ya dakika kumi zinazofuata baada ya bisibisi kuteleza.

KWA NINI HUCHEMKA

Ndani ya kipakatalishi mna prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Hutoa joto jingi inapofanya kazi. Joto hilo hupitishwa kwenye mabomba membamba ya shaba hadi kwenye mapezi ya chuma yaliyopangwa mithili ya meno ya kitana, na feni hupuliza hewa katikati ya mapezi hayo ili kulitoa nje. Baina ya prosesa na bamba la shaba huwa pamepakwa krimu maalumu ya kupitisha joto.

Prosesa nyingi zimeundwa kustahimili hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia kiwango hicho hujipunguzia kasi zenyewe, na zikikipita mashine hujizima ghafla. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya joto kupita kiasi mara nyingi si kuungua bali ni uzito: maandishi huchelewa kutokea, picha hukwama, na feni hulia hata pale mtu anapoandika barua tu.

Mazingira ya Gusii yana mchango wake. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira hukaribia mita 2,000. Katika kimo cha Kisii hewa ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hivyo kila mzunguko wa feni hubeba hewa pungufu. Baridi ya nyanda hizo za juu hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini haiwezi kufidia vumbi. Wakati wa kiangazi barabara za murram hutimua vumbi jekundu linaloingia madukani na majumbani. Kule Tabaka, kitovu cha uchongaji wa mawe laini ya Kisii, karakana hutoa unga mweupe mwepesi. Mawe hayo yana madini ya talki, yaleyale yanayosagwa kutengeneza poda, na unga wake hupenya popote hewa inapopenya. Ukichanganyika na moshi wa jikoni huganda kwenye mapezi kama blanketi.

Mvua nayo ina yake. Eneo hilo hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na unyevu huo huweza kuanzisha kutu kwenye skurubu ambazo rangi yake imekwanguka. Skurubu yenye kutu hung'ang'ania, na inayong'ang'ania ndiyo hulika kichwa.

KICHWA HULIKA VIPI

Skurubu nyingi za vipakatalishi zina kichwa chenye alama ya msalaba. Muundo huo ulienezwa na Mmarekani Henry F. Phillips, aliyepata hataza zake mwaka wa 1936, na ukapendwa upesi katika viwanda vya magari kwa sababu bisibisi hujielekeza yenyewe katikati ya skurubu. Hata hivyo, kuta za msalaba huo zimeinama kidogo. Nguvu ya kuzungusha inapozidi ile ya kusukuma, ncha ya bisibisi hupanda juu ya kuta hizo na kuruka nje. Kila inaporuka hukwangua chuma kidogo, na baada ya kuruka mara tano au sita msalaba hugeuka kuwa shimo la duara.

Kosa la kawaida ni kutumia bisibisi isiyolingana na skurubu. Skurubu za kifuniko cha chini huwa na unene wa milimita 2 au 2.5, na aghalabu huhitaji ncha yenye alama ya PH0, au PH00 kwa zile ndogo zaidi. Bisibisi ya kufungia soketi za umeme haifai, na kisu cha jikoni hakifai kabisa. Aidha, skurubu zilizotengenezwa kwa kipimo cha Japani zinafanana mno na zile za Phillips ilhali mifereji yake ina umbo tofauti kidogo, na bisibisi ya kawaida huteleza ndani yake.

Si kila skurubu ina msalaba. Baadhi zina nyota ya pembe sita iitwayo Torx, na katika baadhi ya vipakatalishi vya kampuni ya Apple kuna nyota ya pembe tano iliyoanza kuonekana mwaka wa 2009. Hizo hazina badala. Asiye na ncha yake ni heri aitafute kuliko kulazimisha bisibisi bapa.

KABLA YA KUGUSA SKURUBU

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kweli kuna haja ya kufungua. Kipakatalishi kinachowekwa juu ya kitanda, mto au blanketi huzibwa matundu ya hewa na kuchemka hata kama ni kipya. Kukiweka juu ya meza ngumu na kukiinua kidogo kwa nyuma kunaweza kumaliza tatizo siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni betri. Iwapo kifuniko kimefutuka, au kipanguso kinachotumiwa kama kipanya kimekuwa kigumu kubonyeza, huenda betri imevimba. Hapo kazi isimame. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kupindwa inaweza kuwaka moto, na moto wake hauzimiki kwa urahisi. Mashine kama hiyo izimwe, isichajiwe tena, na ipelekwe kwa fundi anayezijua betri.

Jambo la tatu ni kuhifadhi kazi zote kwenye diski ya nje au mtandaoni, maadamu mashine ingali inawaka. Kisha izimwe kabisa, waya wa umeme uchomolewe na betri itolewe. Katika mashine mpya betri huwa ndani na haitoki mpaka kifuniko kifunguke. Katika hali hiyo inashauriwa chaji yake iachwe ishuke hadi chini ya asilimia 25 kabla ya kazi kuanza, kwani betri yenye chaji kidogo haina nguvu nyingi za kuwaka.

Jambo la nne ni kuthibitisha kwamba skurubu imelika kweli. Zipo skurubu zilizotengenezwa zisitoke kwenye kifuniko; hulegea, zikazunguka bure na kubaki palepale. Nyingine hufichwa chini ya vibandiko au miguu ya mpira, na mtu hudhani iliyo mbele yake ndiyo inayozuia, kumbe kuna ya pili asiyoiona. Tena, skurubu inayozunguka bila kupanda huenda haina kasoro kichwani: kikombe cha shaba ya manjano kilichopachikwa ndani ya plastiki ndicho kilichong'oka na kinazunguka pamoja nayo. Dawa yake ni kuinua kifuniko taratibu kwa kadi ya plastiki karibu na skurubu hiyo huku ikizungushwa.

NJIA, KUANZIA ILIYO NYEPESI

Kipakatalishi kilazwe kifudifudi juu ya kitambaa safi kwenye meza imara, skrini ikiwa imefungwa. Mwangaza uwe wa kutosha. Uchafu ulio kwenye kichwa cha skurubu uchokolewe kwa sindano, kwa maana mara nyingi msalaba haujalika bali umejaa vumbi.

Kwanza ni ncha sahihi na mkono sahihi. Ncha mpya yenye makali ya kutosha ijaribiwe, ikisukumwa chini wima. Nguvu nyingi iwe ya kusukuma na ndogo iwe ya kuzungusha. Ni vyema kuikaza skurubu kidogo sana kwanza, ili kuvunja kutu au gundi inayoishikilia, kisha kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Ncha kubwa kwa saizi moja, au ncha ya nyota inayoingia kwa kubana, wakati mwingine hushika pale ya msalaba iliposhindwa.

Pili ni mpira. Kipande cha mpira mwembamba wa kufungia noti, au cha glavu, huwekwa baina ya ncha na kichwa cha skurubu. Mpira hujaza pengo lililoachwa na chuma kilicholika na kuongeza mshiko. Mpira wa tyubu ya baiskeli haufai, kwa kuwa ni mnene mno na huizuia ncha kuingia.

Tatu ni joto. Viwanda hupaka gundi kidogo kwenye hesi za baadhi ya skurubu, yaani ile mistari inayozunguka mwili wake, ili zisilegee. Ncha ya chuma cha kulehemia nyaya ikigusishwa kwenye kichwa cha skurubu kwa sekunde chache, gundi hiyo hulainika. Njia hii hutumiwa tu pale ambapo skurubu imezungukwa na chuma na iko mbali na betri. Kwenye plastiki huacha shimo.

Nne ni gundi kali. Tone dogo hupakwa kwenye ncha ya bisibisi kuukuu, si kwenye skurubu, kisha ncha hushikizwa wima na kuachwa mpaka gundi ikauke kabisa. Tone likizidi litamwagika pembeni na kuishikamanisha skurubu na kifuniko, na hapo mgonjwa atakuwa amezidishiwa maradhi.

Tano ni koleo na tupa. Ikiwa kichwa kimejitokeza juu ya kifuniko, koleo ndogo yenye meno inaweza kukibana pembeni na kukizungusha. Vinginevyo, tupa nyembamba huweza kuchonga mfereji mmoja ulionyooka, kisha bisibisi bapa ikatumika. Kabla ya kuchonga, matundu yote ya jirani yazibwe kwa utepe wa gundi. Unga wa chuma ukidondokea kwenye ubao wa saketi unaweza kuunganisha njia za umeme zisizopaswa kukutana, na mashine iliyokuwa ikichemka tu itakufa kabisa. Unga huo uokotwe kwa sumaku ndogo na usipulizwe.

Liko jambo moja la kuepuka katika njia zote: mafuta ya kulainishia. Kwenye lango lenye kutu husaidia, lakini kwenye kipakatalishi hupenya ndani na kuufanya msalaba uliolika uteleze zaidi.

KEEKEE NI HATUA YA MWISHO

Njia zote zikishindwa, husalia kukata kichwa cha skurubu kwa keekee. Lengo si kuitoboa skurubu yote. Ncha ya keekee yenye unene sawa na mwili wa skurubu, yaani milimita 2 kwa skurubu ya milimita 2, hushikwa wima na kuzungushwa polepole hadi kichwa kiachane na mwili. Kifuniko huinuka, na kisiki kinachobaki hushikwa kwa koleo na kuzungushwa kwa urahisi, kwa kuwa hakuna tena kinachokibana.

Kazi hii hudai utulivu ambao Gusii si mgeni nao. Wataalamu wa jadi wa Abagusii walioitwa ababari walijulikana mbali kwa kufungua fuvu la kichwa cha mtu aliyeumia. Waliukwangua mfupa taratibu huku wakichunga wasiuguse ubongo ulio chini yake. Anayeshika keekee juu ya kipakatalishi naye ana kitu cha kuchunga: chini ya kifuniko mna ubao mkuu, nyaya na huenda betri. Ikiwa skurubu iko juu ya betri, au mwenyewe hajui kilicho chini yake, keekee isishikwe kabisa.

BAADA YA KIFUNIKO KUFUNGUKA

Kazi ya kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye ubao mkuu. Baada ya hapo vumbi liondolewe kwa brashi laini na hewa ya kopo, feni ikiwa imezuiwa kwa kidole isizunguke. Kupuliza kwa mdomo huingiza mate. Mashine za kujazia magurudumu ya pikipiki hewa nazo hazifai: nguvu yake ni nyingi mno, na hewa yake huwa na maji na mafuta.

Ikiwa mashine ina umri wa miaka kadhaa, huenda krimu ya kupitisha joto imekauka na kupasuka. Skurubu zinazoshikilia bamba la shaba mara nyingi huwa na nambari, 1 hadi 4 au zaidi. Hulegezwa kuanzia nambari kubwa kurudi ndogo na hukazwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, ili bamba lisiielemee prosesa upande mmoja. Krimu kuukuu hufutwa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha mpya kiasi cha punje ya mchele hupakwa katikati. Kuijaza si kuiboresha.

Skurubu iliyotolewa isirudishwe. Mpya iwe na unene na urefu uleule, kwani ndefu kuliko ya awali inaweza kutoboa ubao mkuu au kuinua vibonyezo vya herufi kutoka chini. Njia rahisi ya kutozichanganya ni kuchora umbo la kifuniko kwenye karatasi ngumu na kuichomeka kila skurubu mahali pake. Wakati wa kufunga, zikazwe hadi zishike tu, pasipo kulazimisha. Nyingi ya skurubu zinazolika hulika kwa sababu fundi wa mwisho alizikaza kupita kiasi.

KUJUA PA KUKOMEA

Anayeona ncha imeteleza mara tatu aweke bisibisi chini. Kila jaribio baada ya hapo humpunguzia fundi atakayefuata chuma cha kushika. Mafundi wenye zana za kazi hii hupatikana katika miji ya Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo. Mteja ana haki ya kuuliza mapema ni njia gani itatumiwa, iwapo betri itatolewa kwanza, na nani atakayebeba hasara kifuniko kikipasuka. Fundi anayejibu maswali hayo bila kukasirika aghalabu ndiye anayestahili kupewa kazi.

Suala hili linapita mfuko wa mtu mmoja. Mnamo 2022 dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilipitishwa mwaka huohuo wa 2022. Lakini hakuna sheria inayookoa kifaa kama mwenyewe kukitunza. Kipakatalishi kinachotupwa kwa ajili ya skurubu moja huingia katika lundo hilo kikiwa bado na miaka ya kazi ndani yake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kulika kwa kichwa cha skurubu nako si mwisho wa kipakatalishi. Kusafishwa mara moja kwa mwaka, na mara mbili kwa aliye karibu na barabara ya vumbi au karakana za Tabaka, kwa bisibisi inayolingana na skurubu zake, kutakiepushia msukosuko huo tangu mwanzo.